Mkono Unaojua Kuachia: Siku za Kwanza za Tiara Majini

Kijana alitoka Ruziba, kusini mwa Bujumbura, nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mtumbwi ukitiwa majini jioni haurudi mpaka alfajiri. Alikuwa na mabega mapana na viganja vigumu kama soli ya kiatu. Miaka ya kuvuta nyavu za ndagala, dagaa wa ziwani, usiku kwa usiku ilikuwa imemchonga. Alifika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kutafuta riziki, akapata kibarua cha kubeba pampu na kukunja kamba kwenye shule ninakofundisha mchezo ambao vijana wa huko wanauita kaiti: mtu anasimama juu ya ubao, tiara kubwa iko angani, upepo unamvuta anateleza juu ya maji. Alitutazama miezi miwili. Siku moja wateja walipopungua akanijia: "Mwalimu, leo nipe na mimi."

Nikampa, nikiamini atamaliza somo la kwanza kabla chai haijapoa.

Siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi mwingine, dada mmoja karani wa benki kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mwenye kuogelea kwa kusitasita. Baada ya saa moja dada yule alikuwa akiiongoza tiara huku akinihadithia harusi ya mdogo wake. Kijana wa Ruziba alikuwa ameshaburutwa mchangani mara nne. Mara zote nne kosa lilikuwa moja: upepo ulipoongezeka, alivuta.

Watu wengi hudhani kaiti inataka misuli. Nami nilidhani hivyo nilipoanza, na goti langu la kushoto bado lina kovu la dhana hiyo. Kinachomshinda anayeanza mara nyingi ni nguvu alizonazo, anapozitia mahali ambapo hazihitajiki.

Kifaa na tabia yake

Tiara ya majini si ile ya karatasi na njiti tuliyorusha utotoni. Ukingo wake wa mbele ni mrija unaojazwa upepo kwa pampu mpaka ugume. Wazo hilo lilisajiliwa mwaka 1984 na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliotaka tiara ambayo ikianguka majini itaelea na kuinuka tena bila mtu kwenda kuifuata. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mchezo kushika kasi, lakini umefika mbali: katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mashindano ya tiara yalifanyika kwenye maji ya Marseille, na medali za dhahabu zikaenda kwa Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria.

Kwa kawaida tiara hushikwa na kamba nne zenye urefu wa mita 20 hadi 24. Mbili za mbele hupita katikati ya upau wa kuongozea, ambao ufukweni kila mtu anauita baa, na kuishia kwenye kulabu ya hanesi, yaani mkanda mpana uliofungwa kiunoni. Mbili za nyuma zimefungwa kwenye ncha za baa. Ukivuta ncha ya kulia, tiara inakwenda kulia. Ukivuta ya kushoto, inakwenda kushoto. Hilo mtoto wa miaka kumi analielewa kwa dakika moja.

Ugumu uko kwenye mwendo mwingine wa baa: kuivuta kifuani na kuisukuma mbali. Ukiivuta, kamba za nyuma zinakaza, tiara inauonyesha upepo tumbo lake lote, nguvu inapanda. Ukiisukuma au kuiachia, kamba za nyuma zinalegea, tiara inalala ubavu, na upepo unapita bila kushika kitu. Kwa hiyo breki ya chombo hiki ni kuachia. Na hapo ndipo mwili unapogoma, kwa sababu baiskeli na pikipiki zimetufundisha kinyume chake: ukiogopa, bana.

Wenye ngalawa wa Paje hawana taabu na jambo hili. Demani, ile kamba ya kulizuia tanga, mzoefu huishika mkononi wakati wote wa upepo mkali, wala hathubutu kuifunga kwa fundo la kudumu. Dharuba ya upepo ikija anailegeza, tanga linapumua, chombo kinabaki wima. Kijana wangu wa Ruziba hakukulia kwenye tanga. Alikulia kwenye nyavu, na wavu ukiwa mzito dawa yake ni kuvuta zaidi.

Saa ya Kizungu na saa yetu

Kabla ya kufundisha mkono lazima ufundishe jicho. Simama uupe upepo mgongo. Tiara yako haiwezi kuruka kila mahali. Inaruka ndani ya robo ya tufe iliyo mbele yako, kutoka ukingo wa kushoto, kupita juu ya utosi, hadi ukingo wa kulia. Kwenye kingo na juu ya utosi haina nguvu nyingi. Katikati, mbele yako kabisa na chini kidogo, ndipo penye nguvu zote. Mimi napaita tumboni. Tiara ikipita tumboni kwa kasi itakung'oa miguu, uwe na kilo 60 au 100.

Dunia nzima hufundisha nafasi hizi kwa sura ya saa ya ukutani: juu ya utosi ni namba 12, ukingo wa kushoto ni 9, wa kulia ni 3. Mfumo ni mzuri, lakini una mtego kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mshale ukiwa kwenye 2, sisi tunasema saa nane. Mshale wa saa mbili yetu uko kwenye 8, upande wa pili kabisa wa uso wa saa, tena chini ya ukingo.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Mwalimu mgeni aliyejifunza Kiswahili cha kutosha kununua samaki alimpigia kelele mwanafunzi: "Peleka saa mbili! Saa mbili!" Alimaanisha namba 2, juu kidogo upande wa kulia. Mwanafunzi, mtoto wa Kiswahili, akafanya alichoambiwa: akavuta kushoto kwa nguvu kuitafuta 8. Tiara ikateremka kama mwewe na kujipiga majini, mrija ukapasuka. Mwalimu akamwita mkaidi. Kumbe mwanafunzi alikuwa mtiifu kuliko wote.

Tangu hapo sitamki neno "saa" ufukweni. Nasema "namba kumi", "namba mbili", na kabla ya somo nachora uso wa saa mchangani kwa kidole, mwanafunzi asimame katikati yake na kunionyesha kila namba kwa mkono. Mwanafunzi kutoka Burundi anahitaji zoezi hili kama Mswahili wa pwani, maana Kirundi nacho huhesabu saa kwa mtindo wetu. Zoezi linachukua dakika tano, na limeniokolea tiara nyingi.

Kuondoa nguvu mikononi

Siku ya pili nilimrudisha kijana wa Ruziba kwenye tiara ndogo ya mazoezi, ya mita mraba 3. Alinuna kidogo. Kwake ilikuwa kama kurudishwa darasa la kwanza. Lakini tiara ndogo ina faida: ni nyepesi kusikia na haina uwezo wa kukuumiza sana, kwa hiyo mwili unapata nafasi ya kukosea mpaka uchoke kukosea.

Nilimpa mazoezi matatu. La kwanza ni kuiongoza kwa vidole viwili vya kila mkono. Vidole viwili haviwezi kuvuta kwa hasira. La pili ni kuiongoza bila kuitazama. Unatazama upeo wa macho, na mvutano wa kamba ndio unaokueleza tiara iko wapi, kama mvuvi anavyojua samaki amegusa chambo kabla hajamwona. La tatu ni kuzungumza. Nilimwuliza habari za nyumbani, bei ya samaki wa mukeke, nani anamlea mama. Mtu aliyekaza mikono hawezi kujibu swali refu. Akianza kusimulia vizuri, mikono imelegea.

Lipo kosa jingine la kuvuta ambalo halina kishindo, kwa hiyo halisemwi sana. Upepo ukiwa hafifu, anayeanza huibana baa kifuani akitarajia nguvu zaidi. Tiara inasimama kama ukuta, upepo unashindwa kuteleza juu ya mgongo wake, nayo inaanza kurudi nyuma taratibu mpaka inaanguka. Mwanafunzi husema upepo umekata, ilhali ameukaba mwenyewe. Ukiona tiara inayumba kinyumenyume, sukuma baa mbali kwa kiganja kimoja, uiache ivute pumzi na ipae mbele.

Mafunzo ya kifyatuo nayo yako hapa. Kila mfumo wa kaiti una kifyatuo kwenye kulabu ya hanesi: ukikisukuma, baa inaruka, tiara inabaki kwenye kamba moja ya usalama na kulala chini bila nguvu. Ukiona bado haitoshi, kamba ya usalama nayo ina kifyatuo chake. Mwanafunzi akifyatue nchi kavu akiwa amefumba macho, mara kumi, kabla hajalowesha mguu. Aliyezama kwenye hofu hatafuti kifaa. Mkono wake huenda ulikozoea kwenda.

Mchana wa siku ile ya pili kijana alinyamaza ghafla, akacheka, akasema: "Kumbe ni kama wale wa baiskeli za ndizi." Alikuwa akiwazungumzia vijana wa barabara ya Bugarama. Huteremka kutoka milimani hadi Bujumbura na mizigo yao ya ndizi, na wakirudi hudandia nyuma ya malori kwa mkono mmoja, yawapandishe. Ni jambo la hatari na wengi wameumia. Simshauri mtu kulijaribu. Lakini fikra ya kijana ilikuwa sahihi. Anayedandia lori halivuti. Ananyoosha mkono, anaegemea nyuma, analiacha lori lifanye kazi, na barabara ikiharibika anaachia. Sikuhitaji tena kumweleza kazi ya hanesi: uzito wote uko kiunoni, mikono ni ya usukani.

Kuburutwa ni somo

Baada ya nchi kavu huja maji, lakini bila ubao. Mwanafunzi analala kifudifudi na kuiacha tiara imburute. Wengi huliona zoezi hili kama dharau. Wamelipia kusimama, si kuburutwa. Hata hivyo somo hili ndilo linalotenganisha aliyepata ajali ndogo na aliyepotea.

Kuburutwa kwenda upepo unakokwenda ni rahisi. Kazi ni kuburutwa kwa mshazari kuelekea upepo unakotoka. Shikilia tiara kwa mkono mmoja karibu na namba 10 au 2, kwa utulivu, kisha nyoosha mkono wa pili ndani ya maji kuelekea unakotaka kwenda, mwili ukakamae kama ubao. Mkono ule unakuwa usukani na mwili unakuwa mkuku. Unakwenda kulia, unageuza, unakwenda kushoto, na kila mzunguko unapanda mita chache. Kwa njia hii unaufuata ubao uliokuponyoka. Tiara inakuvuta kila wakati upepo unakokwenda, ubao unabaki nyuma yako, na asiyejua mshazari huutazama unavyozidi kuwa mbali.

Sambamba na hilo jifunze kuinua tiara iliyoanguka. Usivute kila kamba. Shika kamba moja ya nyuma, ivute taratibu, usubiri. Tiara itajigeuza, itatambaa juu ya maji hadi kwenye ukingo wa 9 au 3, na hapo itapanda yenyewe. Subira ya sekunde ishirini ndiyo inayowashinda watu. Huvuta, huachia, huvuta tena, na kila mara wanairudisha mwanzo.

Kusimama

Hapa ndipo hadithi zote za kaiti zinapopatikana. Umekaa majini, ubao miguuni, tiara namba 12. Unaipeleka kidogo upande usioendea, kisha unaiangusha kwa kasi upande unaoendea mpaka namba 1 au 2. Inavuta, unasimama, unateleza. Kwa maneno ni sentensi moja.

Makosa makubwa ni matatu. La kwanza ni kusimama mapema. Mwanafunzi akisikia mvuto kidogo ananyoosha miguu yote miwili, ubao unakuwa ukuta dhidi ya maji, na yeye anarushwa mbele juu ya ubao wake na kuanguka kwa uso. Dawa yake naieleza hivi: mgeni mzee akiwa amekaa mkekani na unataka kumwinua, anakupa mkono, anakunja magoti, visigino karibu na makalio, anakuacha umvute. Akijitutumua mwenyewe, wote mnapepesuka. Basi wewe ni yule mzee. Kunja magoti mpaka yafike kifuani, uiache tiara ikuinue, na miguu inyooke baada ya makalio kutoka majini, si kabla.

La pili ni woga wa kuiangusha tiara. Mwanafunzi anaisogeza kutoka 12 hadi nusu ya njia, inamnyanyua nusu, anazama kitako. Anarudia mara ishirini, anachoka, anasema ubao ni mbaya. Mvuto unatokana na mwendo wa tiara. Ikitembea polepole haina cha kukupa. Iangushe kwa uamuzi mmoja, na ikishakuinua iongoze ipande kidogo na kuteremka tena, ikuongezee kasi.

La tatu ni macho. Anayeanza huutazama ubao, au tiara. Mwili hufuata macho: ukitazama ubao unainama, ukiinama unaanguka. Chagua kitu ufukweni, mnazi au paa la makuti, usiuache.

Baada ya kusimama, uelekeze ubao kidogo upepo unakokwenda kwa sekunde mbili tatu ili upate kasi. Ubao wenye kasi unaelea na unatulia. Ubao wa polepole unazama, na hakuna ustadi unaouokoa. Ndiyo maana siku za mwanzo namtafutia mtu ubao mkubwa, wa sentimita 140 na zaidi, hata kama wenzake watamcheka.

Kupiga bisho

Mchana wa Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, utawaona wakitembea Paje kwenye mchanga mweupe, ubao kwapani, tiara juu ya kichwa. Ni wale walioweza kusimama lakini hawajaweza kurudi walikotoka. Kila safari ya maji inawateremsha mita 200, na kila safari ya miguu inawapandisha tena.

Mabaharia wetu wana neno lake: kupiga bisho, kukata upepo kwa mshazari, upande huu kisha upande ule, mpaka unafika pale upepo unakotoka. Kwenye kaiti mambo ni manne. Tuliza tiara kwenye namba 10 au 2 na usiipandishe na kuishusha. Kila inapopanda inakunyanyua na kukurudisha upepo unakokwenda. Bonyeza visigino ili makali ya ubao yakate maji. Nyoosha mguu wa mbele, uzito uende wa nyuma. Kisha geuza kichwa na bega utazame kule upepo unakotoka. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini nimewaona watu waliohangaika wiki nzima wakianza kupanda siku waliyogeuza shingo.

Kwenye bisho pia unajifunza adabu. Maji ya Paje yana wenyewe. Tangu 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, akina mama wamepanda vigingi na kamba katika maji haya, na maji yakitoka wako humo wameinama kazini. Kamba ya mita 24 ikimwangukia mtu ni kisu. Mwanafunzi wangu huanza siku kwa kuwapa shikamoo wale bibi na kuuliza leo wanafanya kazi upande gani. Ukiangusha tiara juu ya shamba, unakwenda kwa miguu, unaomba radhi, kisha ndipo unakunja kamba.

"Na kwetu je?"

Wiki ya tatu kijana alikuwa anapiga bisho. Akaniuliza swali nililokuwa nalisubiri: "Mwalimu, kwetu Ruziba inawezekana?"

Jibu langu lilikuwa: pengine, lakini usilibebe somo la Paje kama lilivyo.

Paje ina mwamba unaovunja mawimbi mbali, na nyuma yake maji ya kiunoni yenye mchanga. Ukichoka unasimama. Tanganyika ni ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na hata pwani ambayo ni tulivu machoni inaweza kukuishia chini ya miguu. Kwa hiyo mtu wa ziwani lazima aburutwe kwa mshazari vizuri, ajue kuinua tiara, na ajue kujiokoa: kuzungusha kamba kwenye baa, kuifikia tiara, kulala juu yake na kuifanya tanga la kumrudisha. Paje unaweza kuyachelewesha hayo. Ziwani ni sharti la kuingia. Koti la kuelea na kofia ngumu si pambo.

Pili, upepo. Ruziba iko ukingo wa mashariki, milima nyuma yake, ziwa mbele. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, na hewa inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Pwani wenye ngalawa wanaita upepo wa namna hiyo umande. Kwa mwenye tiara ni upepo wa hatari, maana ukishindwa unakupeleka kilindini, ukiacha Burundi unaelekea Kongo. Mchana hali inageuka: nchi inapata joto, na upepo unatoka ziwani kwenda ufukweni. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huongezeka upepo wa kusini unaotembea juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita 673, na mawimbi yanakuwa na nafasi ya kukua kabla hayajafika kaskazini. Wakati wa mvua, wingu jeusi juu ya milima ya Uvira ni amri ya kutoka majini. Upepo wa mbele ya mvua unaweza kuruka kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 28 kwa pumzi moja, na kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, nyongeza hiyo inayoonekana ndogo inakaribia kukuzidishia mvuto mara mbili.

Tatu, hewa yenyewe. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 7. Upepo wa mwendo uleule unasukuma kidogo zaidi ya tisa ya kumi ya unavyosukuma Paje. Tiara ya mita mraba 12 inafanya kazi kama ya 11. Si tofauti ya kukutisha, lakini inamweleza mtu kwa nini anazama siku ambayo mashine ya kupima upepo inasema aruke.

Nne, nafasi. Kurusha tiara kunataka ufuko mpana na mita 50 zilizo tupu upande upepo unakokwenda: hakuna nyumba, waya wa umeme wala mitumbwi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi likaingia kwenye makazi kando ya Bujumbura, na fukwe nyingi zikamezwa. Sehemu iliyofaa miaka mitano iliyopita leo huenda ni maji na mizizi.

Tano, wenye ziwa. Viboko hutoka majini jua likizama kwenda kula majani, na ukanda huo wa kaskazini una mamba pia. Waulize wavuvi kila siku, si mara moja, na uwe nchi kavu kabla ya magharibi. Usipite juu ya nyavu. Maji ya kingoni yenye majani na konokono yana kichocho, kapime.

Aliyasikiliza yote kimya. Nikampa kazi kabla hajafungasha: akifika nyumbani akae siku saba ufukweni bila kugusa tiara, na daftari, aandike kila saa upepo unatoka wapi, na mitumbwi iko wapi. Aliondoka na tiara ya mitumba ya mita mraba 12, ikiwa na kiraka kwenye mrija.

Baada ya wiki mbili alinitumia picha ya kurasa zile kwenye simu. Mwandiko wa kalamu ya bluu. Siku ya kwanza: asubuhi upepo wa mlimani, saa tano shwari, saa nane wa ziwani. Siku ya tatu: kiboko karibu na mitumbwi. Siku ya tano: mzee wa ufuko amesema jaribu upande wa kusini, pana mchanga. Siku ya nane alikuwa huru kuingia, na upepo ulikuwa mzuri kuliko siku zote, alivyoandika mwenyewe, na rafiki wa kumshikia tiara alikuwepo. Halafu mstari wa mwisho: "Saa tisa wingu limetokea Uvira. Tumetoa upepo, tumekunja, tumerudi nyumbani."

Nilisoma mstari huo mara mbili. Yule aliyeburutwa mara nne kwa kung'ang'ania baa alikuwa ameachia tiara kabla hata haijapaa.